Babu Hana Maringo

Tabora, Jumamosi, 12 Julai

Shikamoo Babu,

Leo nakueleza yote, sifichi hata moja. Shule imetuleta hapa mtaa wa Ng'ambo kumsikiliza mama mmoja daktari, ambaye ametafiti glakoma, ile presha ya macho, tangu ujana wake. Alikunja karatasi mbili zikawa mirija, akaniambia nichungulie. Neema, mwenzangu wa darasani, akaninyooshea mkono kwa upande anisalimie, sikuuona, na darasa zima likacheka: "Maringo hayo!"

Ndivyo wanavyokusema kanisani kwenu Usinge, usipopokea mikono ya wanaokusalimia. Nikasimama nikamweleza daktari habari zako. Akasema, "Huenda babu yako haoni pembeni, mwanangu. Mlete tumpime. Kilichopotea hakirudi, lakini upasuaji unaweza kulinda kilichobaki."

Basi sitaki tena kusikia ukisema ni uzee tu. Nimeshaandikisha jina lako kwa mwisho wa mwezi. Na wale wazee wa kanisa nitawachungulisha mirija hii hii, wapende wasipende.

Nakupenda, Babu, na macho yako nayapenda. Mimi mjukuu wako Agnesi nauliza, unijibu upesi: utakuja mwenyewe, au nije nikushike mkono?