Dakika Themanini Kitini

Tarehe 2 Machi

Mwanangu Fundi,

Hujambo? Sisi hatujambo, mama yako anakohoa kidogo ila kelele zake hazijapungua. Nimefurahi mno kwamba karakana yako ya useremala inafunguliwa tarehe 20 Aprili, na kwamba unataka mimi niwashe msumeno wa kwanza. Lakini kwa barabara ni saa tisa, na kwa mgongo huu nikikaa dakika ishirini tu miguu inakufa ganzi. Dereva wa basi miaka thelathini na moja, leo kiti kinanishinda! Tafuta mtu mwingine, binti yangu.

Baba yako

Tarehe 11 Machi

Shikamoo baba,

Mpe mama pole, anywe maji ya moto na aache ubishi. Mtu mwingine simtaki. Ukoo mzima ulinicheka nilipochagua useremala. Wewe peke yako uliniletea randa kutoka safarini.

Sikiliza. Barabara inazunguka milima, kilomita 470. Ndege inakata moja kwa moja: kilomita 290, saa moja kamili kutoka uwanja wenu hadi wetu. Ila ni kindege cha watu kumi na wawili, paa liko utosini, kusimama hakuna. Saa moja tu. Utaweza?

Mwanao

Tarehe 30 Machi

Marahaba mwanangu,

Kikohozi kimekwisha, sasa mama yako ananicheka kwa mapafu yote mawili. Kila asubuhi nafanya mazoezi niliyoonyeshwa hospitali, kisha nakaa kwenye kiti cha jikoni mbele ya saa ya ukutani. Daftari langu linasema: tarehe 15, dakika 22. Tarehe 19, dakika 31, nilitukana. Tarehe 24, dakika 45. Jana, 61! Mama yako alipita na fagio akasema, "Abiria, inua miguu."

Kata tiketi.

Baba

Tarehe 4 Aprili

Shikamoo baba,

Natumai mgongo unaendelea vizuri. Nimekosea, nisamehe. Tiketi nimekata, ya tarehe 19, lakini dada wa dirishani kaniambia saa moja ni ya angani tu. Mlango ukifungwa mnasubiri kuruka, mkitua mnasubiri kushuka. Tangu kukaa hadi kusimama ni dakika themanini. Ukisema imetosha, sitanuna. Nijibu upesi.

Mwanao

Tarehe 14 Aprili

Baba, shikamoo. Mzima? Mbona kimya? Nitakuja uwanjani hata usiponijibu.

Mwanao

Tarehe 19 Aprili, ndani ya ndege

Mwanangu,

Salamu utazipata ana kwa ana, maana barua hii nitakukabidhi mwenyewe. Hasira ndiyo iliyonizuia kujibu. Miaka yote ile nimehesabu safari tangu abiria wa kwanza anapokaa, halafu nadanganywa na saa ya angani! Nikarudi kitini. Hadi jana sijavuka dakika 74. Nimepanda hivyo hivyo.

3:05, nimekaa, mlango umefungwa.

3:21, tumeruka.

3:50, barabara yangu iko chini, inahangaika na milima. Nimeionea huruma.

4:10, ganzi, goti la kulia. Jirani yangu, mwalimu, anauliza naandika nini. Nimemwambia, "Niko mashindanoni, mwalimu."

4:19. Dakika 74. Hapa sijawahi kufika.

4:21, magurudumu yamegusa. Mwalimu anahesabu kwa sauti, na wa nyuma wamedakia.

4:27, mlango! Dakika 82!

Haya naandika nimesimama mlangoni. Nakuona pale na kiti cha magurudumu. Kirudishe ulikokitoa, mwanangu. Nashuka kwa miguu yangu.

Baba yako