Hodi kwenye Kona ya Kushoto

12 Februari

Kaka mpendwa,

Nakusalimu kutoka nyumbani, na natumaini goti lako limeacha kulalamika. Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo cha vumbi la sponji, ingawa ukimuuliza kimeletwa na nini, atatazama upande wako.

Najua ungependa nipige simu, ila unanijua: nikishika simu nakuwa kama nimemeza pamba. Ndiyo maana barua hii inakuja na dereva wa lori la magodoro. Amekubali kuwa posta yetu kila anapoleta mzigo huko kwenu. Malipo anayotaka ni jezi yako, tena iliyofuliwa.

Habari si nzuri. Tangu usajiliwe na mabingwa, timu yetu ya kikapu ya kiwanda cha magodoro haijashinda hata mechi moja. Mashabiki wa timu nyingine wanatuambia godoro kazi yake ni kulaliwa. Watu wanasema tumekosa mfungaji. Mimi naona tatizo ni kwamba mikono ya wenzako haijapata habari kuwa umeondoka. Miaka yote uliyocheza hapa, Kinyozi, mgawa pasi wetu, alikuwa anarusha mpira kwenye kona ya kushoto bila kutazama, kwa sababu ulikuwa pale. Sasa anarusha vilevile, na mpira unapita patupu na kugonga mlango wa stoo ya sponji. Jukwaani wamegeuza mchezo. Mpira ukiugonga mlango, upande mmoja unapaza sauti, “Hodi!” na upande wa pili unaitika, “Karibu!” Mara ya kwanza hata mimi nilicheka. Baadaye nikawa natazama viatu vyangu.

Mama hajasema neno baya juu yako. Hajasema neno lolote. Habari ya kuhama kwako aliisikia kwenye redio ya chumba cha kushonea, mbele ya wenzake wote, na nadhani hilo ndilo lililomkaa kooni. Lakini jana jirani alivuta kiti chako mezani ili akae, Mama akamwambia asikikalie, kina mguu mbovu. Nilikikagua baadaye. Ni kizima.

Andika.

Mdogo wako


3 Machi

Bi Vitabu, mdogo wangu,

Hujambo? Masomo hayajambo? Na kikohozi cha Mama? Mimi mzima, goti limetulia, uzito umeongezeka kwa sababu huku tunalishwa kama ng'ombe wa maonyesho. Nimechelewa kujibu. Nilikuwa naona aibu, na mtu mwenye aibu huwa hapati kalamu.

Nina chumba changu peke yangu, chenye kioo kikubwa kuliko mlango wetu wa mbele. Viatu napewa kabla vya zamani havijachafuka. Na tunashinda. Tunashinda mpaka inachosha. Mapumziko yakifika, mashabiki wetu wenyewe wanaanza kuondoka ili wawahi usafiri, na mimi nakalishwa benchi nipumzike. Pale benchi nakaa na jamaa aliyekuwa mfungaji bora wa ligi mwaka juzi. Kazi yake siku hizi ni kunipokea kwa taulo. Nilimuuliza kwa nini walimsajili kama hawamchezeshi. Akacheka, akasema, “Hawakuninunua nicheze hapa, bwana. Walininunua nisicheze kwingine.” Tangu siku hiyo taulo najichukulia mwenyewe.

Kuhusu Mama. Nilipewa siku moja tu ya kusaini. Nilikwenda mpaka kwenye dirisha la chumba cha kushonea nikamwona ameinamia cherehani. Nilijua nikimuuliza nitabaki, na nilitaka kujua kama mimi ni mchezaji kweli au ni mkubwa wa kiwandani tu. Kwa hiyo sikumuuliza. Usimsomee hapa. Au msomee. Sijui.

Mwambie Kinyozi afungue macho anapotoa pasi.

Kaka yako


21 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku tu wazima wa mwili, ila Jumamosi mlituumiza.

Mechi tuliitazama kwenye televisheni ya kantini. Sitaandika matokeo, unayajua, na karatasi ni yangu. Nilichokiona mimi ni hiki: kila pasi ya Kinyozi iliyokwenda kona ya kushoto uliidaka wewe. Fundi Bomba, yule anayecheza chini ya kikapu, alirudi akisema bado wewe ndiye mpokeaji wetu bora, basi tu umebadilisha jezi. Mama alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Alisema amekuja kukusanya sahani. Sahani zilikuwa zimeshakusanywa.

Nina jambo jingine, usinicheke. Shuleni tulikuwa na mjadala: je, nyota wa timu ndogo aruhusiwe kuhama apendavyo? Nilitaka upande wa kukataa, nikapangiwa upande wa kukubali. Nilisimama nikasema mchezaji si jiwe la mpaka, kwamba likiondolewa shamba la watu limeibiwa. Ana miguu, na miguu ni yake. Kisha nikasema na la pili, ambalo hata kwenye maandalizi halikuwepo: kwamba timu moja ikikusanya miguu yote mizuri, itabaki ikishindana na kivuli chake. Walinipigia makofi. Niliketi nikiwa nimeloa jasho, lakini nilifika nyumbani sina hasira nawe tena. Sikuwa nimekuambia kwamba nilikuwa nayo.

Sasa lililo zito. Timu itakayoshika mkia inashuka daraja, na mkiani tupo sisi. Kiwanda kimetangaza kwamba timu ikishuka itavunjwa, na uwanja utafanywa ghala. Pale ulipojifunzia kudunda mpira, Kaka, patapangwa magodoro mpaka kwenye dari.

Mdogo wako


9 Juni

Kaka,

Shikamoo. Dereva amerudi mara tatu mikono mitupu, kwa hiyo naandika bila kujua kama unasoma. U mzima? Mama kikohozi kimekwisha.

Tumeanza kushinda. Si sana, lakini inatosha kuwaudhi waliotuzika. Kinyozi siku hizi anatazama kabla ya kutoa pasi, na Fundi Bomba amegundua kwamba naye anaruhusiwa kufunga. Mechi ya mwisho ni dhidi yenu, hapa nyumbani. Tukishinda tunabaki kwenye ligi. Nyinyi ubingwa mnao tayari, hamna cha kupoteza.

Ndiyo maana jana msimamizi wa kiwanda alikuja nyumbani na mkate mkononi. Alizunguka sana, mwishowe akasema nikuandikie, ikiwezekana siku hiyo goti lako liume kidogo. Alisema kila mtu ataelewa. Mama alikuwa jikoni. Alitoka akiwa bado ameshika mwiko. “Mwanangu aliondoka bila kuniaga,” akasema, “lakini hakuondoka mwizi. Chukua mkate wako.”

Ni mara ya kwanza kukuita mwanangu tangu uondoke.

Kwa hiyo ujumbe nimeufikisha kwa sababu nilitumwa. Langu mimi ni hili: usituhurumie. Tukibaki kwa huruma yako, nitapita mbele ya ule uwanja kila siku nikienda shule nikijua ni ghala lililopakwa rangi.

Mdogo wako


15 Juni

Bi Vitabu,

Barua zako zote ninazo. Sikujibu kwa sababu swali la msimamizi nilikuwa najiuliza mwenyewe kabla hajapanda ngazi zenu, na sikupenda jibu nililokuwa nalipata. Sasa umenipa jingine. Wewe na mwiko wa Mama.

Nitacheza. Nitacheza kama mtu anayedaiwa. Na wewe una masharti yako: umenitazama tangu nikiwa nadunda mpira wa makaratasi ukutani. Chochote unachokijua juu yangu, mwambie kocha wenu. Chote. Ukinifichia siri, utakuwa umenihurumia wewe.

Mpe dereva jezi hii. Imefuliwa.

Kaka yako


28 Juni

Kaka,

Shikamoo sana, tena sana. Basi lenu liliondoka kabla sijashuka jukwaani, kwa hiyo nakuandikia kama vile hukuwepo, maana nataka uione kutoka nilikokuwa.

Barua yako ilipofika nilikwenda mazoezini, nikasubiri kwenye bomba la maji mpaka wachezaji wakaondoka. Kocha alinipita mara mbili akidhani nateka maji. Mara ya tatu nikasema, “Kaka anaondoka begani.” Akaniuliza nasema nini. Nikarudia kwa sauti mpaka mlinzi wa geti akageuka: kwamba humsubiri Kinyozi aachie mpira. Bega lake la kulia likipanda, miguu yako inakimbilia kona ya kushoto, kama zamani, kabla kichwa hakijakumbuka umevaa jezi ya nani. Kocha aliweka begi lake chini. Akasema, “Kaa hapa,” akaenda kumrudisha Kinyozi aliyekuwa ameshavaa shati.

Siku yenyewe uliingia ukazomewa. Mama hakuzomea, wala hakupiga makofi. Ulicheza, Kaka, ulicheza vibaya sana kwa afya yetu. Kila kikapu ulichofunga, mzee mmoja nyuma yangu aliguna kama anang'olewa jino. Kufikia robo ya tatu wengine walianza kukunja mabango.

Hapo ndipo Kinyozi alipopandisha bega. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa stoo, na jukwaa, kwa mazoea tu, likapaza sauti, “Hodi!” Nawe ukaenda, hatua mbili nzima. Mpira haukwenda. Fundi Bomba alikuwa peke yake chini ya kikapu, akaupokea na kuuweka ndani kwa utaratibu, kama anayefunga koki. Wakafanya tena. Ukaenda tena. Nilikuona ukiitazama miguu yako kwa hasira, na nilitaka kucheka na kulia, nikachagua kuuma kitambaa cha Mama.

Robo ya nne ulikuwa umejifunza. Bega likipanda, unabaki. Mlikuwa mbele yetu kwa pointi mbili tu na saa ikawa inakata pumzi za mwisho. Kinyozi akapandisha bega. Watu wakaita, “Hodi!” Hukusogea hata kidole, na safari hii mpira ukaenda kweli.

Nilisubiri kusikia mlango ukigongwa. Kaka, haukugongwa. Kwenye kona alikuwa amesimama Mpakiaji, yule mpole anayepakia lori, ambaye msimu mzima hakuthubutu kukanyaga pale, akisema pana mwenyewe. Aliudaka, akarusha, na ukaingia bila kugusa chuma. Pointi tatu. Nadhani aliyeshangaa kuliko wote ni yeye.

Bado ukawa na mpira wa mwisho. Ulirusha kutoka mbali kwa nia ya kutumaliza kabisa, na kwa hilo nitakushukuru maisha yangu yote. Mama alinishika mkono akanibana. Mpira ulizunguka chuma, ukatoka. Sijui alikuwa anaomba uingie au utoke, na sitamuuliza.

Baada ya hapo siwezi kueleza vizuri. Msimamizi alimbusu refa. Dereva alikimbia uwanja mzima na jezi yako, akiwa ameivaa nyuma mbele. Mlango wa stoo ukapigwa kwa ngumi na kila aliyepita, na kila mmoja alipiga hodi, na walioitika karibu walikuwa kiwanda kizima. Nami nilipiga kelele, Kaka. Mimi. Leo naongea kwa kunong'ona, na mwalimu wa historia ameniambia nipunguze, eti nimezidi kuongea.

Mdogo wako, wa timu iliyobaki


4 Julai

Bi Vitabu,

Hamjambo wote? Mimi sijambo, ingawa nimeshindwa na bega la Kinyozi na mdomo wa mdogo wangu.

Kwenye basi wenzangu walinyamaza kama msibani. Mimi nilikuwa nimegeukia dirisha ili wasinione ninavyocheka. Yule jamaa wa taulo alikaa karibu nami akasema hajawahi kuona mechi tamu namna ile tangu aje kwa mabingwa. Amewaambia viongozi aachiwe akacheze timu yoyote iliyoko mkiani. Wengine wawili wamemfuata. Mimi mkataba wangu una mwaka mmoja bado, na nitautumikia wote. Ila msimu ujao itabidi tutoke jasho, na sijafurahia jambo kama hilo muda mrefu.

Nimepewa likizo. Dereva anasema kuna nafasi mbele kwenye lori Jumamosi. Sitapanda mpaka nijue. Msomee Mama barua hii yote, na ile ya Machi pia. Kisha mwambie nipo mlangoni, nasema hodi.

Kaka yako


7 Julai

Mwanangu,

Mdogo wako amenisomea, sasa naandika mwenyewe. Kikohozi kilishapona. Goti nililiona, linakwenda vizuri.

Kona yako ina mtu. Kiti chako hakina. Pita ndani.

Mama