Kitambaa Nilichokinusa

Jumapili, Mpumudde. Joto bila jua. Mvua imejikusanya upande wa mto, hainyeshi.

Nimewaficha watu wa nyumba hii jambo moja: pua yangu imekufa. Tangu nilipougua mwaka jana sisikii harufu ya chochote. Juzi maharage yaliungua jikoni nikiwa nimekaa papo hapo. Nikadai nilikuwa nimesinzia.

Kwa mzee mwingine lisingekuwa neno. Mimi nilikuwa daktari wa uzazi, na mtaa mzima unaijua pua hii. Mjamzito aliyehisi unyevu nilimpa kitambaa safi, kikavu, akivae na kutembea kidogo, kisha nikinuse. Mkojo una ukali wake. Maji ya uzazi yana harufu nyepesi, tamu kidogo. Lakini sikuishia hapo. Nilimpima kwa kifaa nione kama maji yanakusanyika ndani, na tone moja nikalikausha kwenye kioo. Chini ya hadubini, maji ya uzazi huchora majani yaliyochanikachanika kama ya kangaga.

Watu wakasahau kioo, wakakumbuka pua.

Leo mjukuu wangu Nambozo alikuja kutoka Mbale kunisalimia. Wote wanajua moyo wangu umechoka, kwa hiyo wanakuja. Mimba yake ni ya miezi saba. Baada ya chakula aliniinamia, akaniita Jaja kama wajukuu wote.

"Jaja, nalowa tangu asubuhi. Ni mkojo ama ni maji ya mtoto?"

Mama yake, anayenitunza humu ndani, alisikia, akacheka. "Mpe Jaja kitambaa. Pua yake inashinda mashine za hospitali!"

Kitambaa kikaja. Wakanitazama wote wawili. Nikakiinua puani.

Nikasema ni mkojo.

Nambozo alishusha pumzi, akanitania kwamba anaomba mtoto arithi pua yangu, akapanda boda kwenda stendi. Sasa labda amepita Tirinyi, anaikaribia Mbale. Kesho ana zamu kiwandani, huko Industrial, mtaa wa viwanda. Atasimama kutwa nzima na unyevu wake, akiamini neno langu.

Naogopa. Chupa ya uzazi ikipasuka mapema, mlango hubaki wazi. Vijidudu hupanda, homa humshika mama, au mtoto hutoka kabla mapafu hayajakomaa. Nimewaeleza wanafunzi wangu haya mara nyingi bila wasiwasi.

Nilidhani kilichobaki cha kuogopa ni kifo changu.

Na bado nimekaa hapa naandika badala ya kupiga simu. Nikipiga, nitakuwa mzee tu anayelishwa uji. Nisipopiga, je?

Nimepiga.

Alipokea, gari likinguruma nyuma yake. Nikamwambia asipitie nyumbani. Aende hospitali moja kwa moja, avae pedi safi tu, na aombe apimwe kwa kifaa leo hii.

"Lakini Jaja, si ulinusa? Ulisema ni mkojo." Akashusha sauti. "Na bado yanatoka."

Mama yake alikuwa anafagia mlangoni. Ufagio ukasimama.

Nilitaka kusema kwamba daktari mzuri hupima mara mbili. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, na lingeniokoa. Lakini angeweza kulisikia kama tahadhari tu, akaenda zake kulala.

"Sikusikia harufu yoyote, mwanangu. Sikujua. Nilisema tu."