Meza ya Kwanza Ng'ambo ya Mto

Mpendwa Mjomba Leszek,

Nakuandikia kukuomba ukae kwenye meza ya kwanza kampuni yetu itakapozindua poka ya mtandaoni, ile kamari ya karata, huko Pennsylvania. Ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu, na cheo changu kinategemea kumpata mchezaji mwenye jina.

Hapa New Jersey sote tu wazima. Nilipomdokezea Mama, aliuacha mwiko chunguni.

"Kaka yangu kavuka mto kwenda Pennsylvania, kaacha nyumba na marafiki, akakae mahali mchezo huo ni marufuku. Leo wewe, msomi wangu, unamfuata nao mlangoni?"

Nilimweleza kwa heshima kwamba sasa sheria inaruhusu. Aidha, nimehakikisha kwamba ile orodha ya wanaojizuia kucheza kamari, uliyojiandikisha kwa hiari yako, ni ya hapa New Jersey tu. Huko jina lako ni safi.

Najua hujagusa karata tangu mkaza mjomba akuache. Watazamaji wa uzinduzi watakipenda sana kisa hicho.

Usihangaike na safari. Nitakuletea simu yenye mchezo tayari, na fedha za kuanzia ni zawadi yetu. Tuonane kwako Jumatatu, saa nne asubuhi.

Mpwa wako mtiifu,
Bryce