Mlango wa Utepe

3 Februari

Binti yangu,

Niwie radhi kwa ukimya huu mrefu. Barua yako ya mwisho uliiandika mwezi Oktoba wa mwaka juzi. Niliipokea, nikaisoma, nikaiweka ndani ya sanduku la patasi, na humo ikakaa. Sikuugua wala sikusafiri. Nilikosa la kusema, na mtu aliyekosa la kusema anapaswa angalau kuandika kwamba amelikosa. Hilo sikulifanya. Kosa ni langu.

Natumaini u mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la safari kimekwisha. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Goti la kushoto hugoma kila asubuhi mpaka nilibembeleze. Jirani yetu, yule mama fundi cherehani, anakusalimu. Bado anashona kwa miwani iliyofungwa uzi, na bado hanyamazi.

Ninakuandikia kwa sababu ya tangazo. Jumatatu tulipita, mimi na huyo jirani, mbele ya ukumbi wetu wa zamani, ambao sasa ni ghala la magodoro. Tangazo limebandikwa getini. Umo wewe, mdomo wazi, katikati ya wenzako watano. Imeandikwa kwamba kundi lenu linazunguka na igizo la nyimbo na kwamba litafika hapa Jumamosi, tarehe nne Mei, saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi wa chuo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama mtu anayeungama: “Viti vinne na shuka moja.”

Nilisoma mara mbili. Kwa miaka thelathini na mmoja nilijenga majumba ya jukwaani. Nilijenga ngazi, magereza, na kasri lenye madirisha kumi na mawili yaliyofunguka kweli. Walipoufunga ukumbi walisema watu hawataki tena mbao. Kumbe walikuwa wanakusemea wewe, Maranda, uliyelala utoto wako wote ndani ya boksi la maranda ya randa yangu.

Fundi cherehani alinitazama akasema, “Usinune, Mzee Pimamaji. Shuka nalo ni kitu. Mimi ningelipinda vizuri.”

Niambie, ni kweli hamna hata mlango mmoja? Mtu anaingiaje nyumbani kwake?

Baba yako


19 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta kando ya barabara, tukisubiri gurudumu libadilishwe. Nilipouona mwandiko wako nilikaa chini kwanza. Kikohozi kimekwisha. Kula nakula. Kulala ni shida, maana tuko sita ndani ya gari moja na mpiga ngoma wetu anakoroma bila kukosea pigo. Pole kwa goti. Msalimu sana jirani, mwambie shuka letu halijapindwa na linachanika.

Ni kweli, Baba, mlango hatuna. Viti viwili vikikaa hivi ni kitanda, vikigeuzwa ni kaburi. Mwanzoni watu wanacheka. Ikifika wimbo wa pili hawacheki tena, wameshaiona nyumba.

Nimetia tiketi humu ndani: safu ya C, kiti cha tisa. Nakuomba uje. Lakini siwezi kukuacha uje bila kujua unachokuja kukiona.

Igizo ni la nyumba ambamo mama anaanguka bafuni, nyuma ya mlango, na mwili wake unauzuia mlango usifunguke. Nilikisimulia kisa hiki siku moja mazoezini, tulipoambiwa kila mmoja alete jambo ambalo hajawahi kulisema. Nilipomaliza, kiongozi wetu akasema, “Igizo ndilo hilo.” Sikuweza tena kulirudisha mdomoni. Anayesukuma ni mimi. Nasukuma hewa. Mama yuko upande wa pili, na watu wanatuona sote wawili kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu hatuweki mlango. Ungekuwepo, wangeona upande mmoja tu, kama tulivyoona sisi.

Niliyokuambia makaburini mbele ya watu, siku tuliyomzika Mama, kwamba ungeuvunja mlango ule, nimetembea nayo miaka saba. Siyafuti, kwa kuwa niliyaamini na sijui kama nimeacha. Ila nataka uketi pale uone. Nyumbani sitafika. Unajua miguu yangu inavyokataa ikifika getini. Njoo wewe.

Binti yako,
Maranda


11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba kikohozi kimekwisha. Hapa hali ni ile ile. Barua yako haikunifurahisha, lakini umeiandika kwa unyofu, nami sitakunyima haki hiyo.

Kwanza, mlango. Jukwaani, kila mlango nilioutundika ulifunguka kwenda nje, ili usimfiche mwigizaji. Sikuhitaji kufikiri, mikono ilijua. Nyumbani niliutundika ule wa bafuni ufunguke kwenda ndani, kwa sababu koridoni palikuwa na kabati nililomjengea mama yako, na mlango ungeligonga kila siku. Nililionea huruma kabati.

Pili, siku yenyewe. Uliporudi kutoka dukani ulinikuta nimesimama koridoni na bisibisi mkononi. Uliuliza nafanya nini, nami sikukujibu. Nilikuwa nimeikimbilia ili nifungue bawaba, na nilipofika nayo ndipo nikakumbuka kwamba bawaba ziko ndani. Mlango unaofunguka kwenda ndani, bawaba zake huwa ndani. Nilizifunga mimi mwenyewe, skrubu nane. Nilisimama pale kama mtu aliyeleta funguo za nyumba ya jirani.

Tatu, jambo ambalo hulijui. Wewe ulikuta kimya. Kabla hujarudi hapakuwa kimya. Mama yako alisema. Alisema, “Usiuvunje. Mpya huo. Nitainuka sasa hivi.” Alisema kwa sauti ile ya kunikemea nikiingia na viatu vyenye vumbi. Nikamtii. Nilimtii dakika kumi nzima, kwa maana sikutaka kuuvunja, na yeye alijua kwamba sikutaka. Aliponyamaza nilidhani amenuna.

Sijapata kumwambia mtu neno hili. Ningelisema makaburini, ingeonekana namtupia marehemu lawama ili nijiokoe. Kwa hiyo nilinyamaza, wewe ukaondoka, na tangu hapo tumeandikiana kama watu wa ofisi mbili.

Mlango niliung'oa siku ya tatu baada ya mazishi. Bafuni pamening'inia shuka mpaka leo. Usidhani basi kwamba shuka lenu ni jambo geni kwangu.

Tiketi nimeipokea. Kabla sijaamua nataka unijibu hili moja: huyo mama wa igizo lenu, akiwa pale chini sakafuni, anasema nini?

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limekuhurumia kidogo.

Barua yako niliisoma katika chumba cha kubadilishia nguo, na usiku wa onyesho uleule sikusukuma vizuri. Nimekaa nayo siku nyingi kuliko ilivyostahili. Sikukulaumu nilipoisoma. Sikukusamehe pia. Nilichofanya ni kumsikia Mama, na sikuwa nimemsikia kwa miaka saba. Alisema vile kweli. Hakuna mtu mwingine ambaye angesema “mpya huo” akiwa sakafuni.

Umeuliza anasema nini. Katika igizo letu anaita. Anaimba akiita jina la mumewe mara tano, kila mara sauti ikishuka, na mume amesimama kando yangu hafanyi kitu. Ndivyo nilivyowasimulia, kwa sababu ndivyo nilivyojua.

Nilijaribu kulibadilisha. Nilimwonyesha barua yako mama mmoja mtu mzima anayeigiza sehemu hiyo. Alisoma, akapangusa miwani, akaniambia, “Mwanangu, haya nitayasema.” Kesho yake akayasema, yote, kwa kukemea kama ulivyoandika. Mikono yangu ikabaki hewani. Nilisahau wimbo. Watu walidhani ndivyo lilivyo na wakapiga makofi. Kiongozi akasema hatuwezi kurudia, kwamba wimbo ni ule tuliozunguka nao miji kumi na tisa. Kwa hiyo ukija, Baba, utamsikia anakuita. Sina namna ya kukuepusha na hilo.

Sikuombi tena uje, wala sikukatazi. Naomba kitu kimoja tu. Niambie mapema. Jukwaani kwetu taa ni mbili na safu ya C naiona uso kwa uso. Nikijua hutakuwepo, wakati wa kusukuma nitautazama ukuta wa nyuma, kama ninavyofanya miji yote. Nikijua utakuwepo, nitajiandaa. Kinachonishinda ni kutokujua.

Na huo mji wetu ndio mwisho wa ziara. Jumapili asubuhi tunatawanyika. Mimi nimepata kazi mbali, kwenye meli ya watalii, kuimba. Mkataba ni wa miaka miwili. Anwani sijapewa.

Binti yako,
Maranda


27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Kila mji nikifika naulizia barua, hakuna.

Kama ni ndiyo, neno moja linatosha. Kama ni hapana, pia.

Maranda wako


Jumamosi, 4 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Samahani kwa kutokukujibu. Nimekuanzia barua tatu. Ya kwanza ilisema nitakuja, ya pili ilisema sitakuja, na ya tatu ilieleza sababu za zote mbili. Nimezichana.

Natumaini umefika salama. Najua umefika, kwa sababu leo asubuhi nilikuwa ukumbini. Mlinzi wa chuo ni yule aliyekuwa akifagia ukumbi wetu. Alinifungulia bila maswali mengi. Aliniambia waigizaji wamekwenda kunywa chai, na kwamba jana mlitandaza vitu vyenu vyote kwa nusu saa. “Mzee Pimamaji,” alisema, “siku zako nusu saa ilikuwa ya kutafuta nyundo.”

Nilipanda jukwaani. Viti vinne, shuka, na sakafuni utepe mweupe. Mara moja nikajua utepe ule ni wa nini. Nilitoa futi kamba mfukoni nikapima. Sentimita sabini. Mlango ule wa bafuni ulikuwa sentimita sabini kamili. Wa kawaida ningeufanya themanini, lakini ukuta ulinibana. Sikupata kukutajia kipimo hicho hata siku moja. Umekipimaje? Nadhani ni mabega yako yaliyokumbuka. Na umechora kwa chaki namna unavyofunguka: kwenda ndani.

Nilisimama upande wa koridoni. Nilitaka kuvuka tu, nitembee, nione upande ule una nini. Hakuna mbao, hakuna bawaba, ni utepe ambao mtoto angeuruka. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akaniuliza kama goti limekwama. Nikamjibu ndiyo.

Kiti cha pili kutoka kushoto kilikuwa kinacheza. Mguu mmoja ni mfupi. Nilikitilia kipande cha plaiwudi na gundi. Hakichezi tena. Huenda umeshakikalia.

Saa kumi na moja jirani alikuja amevaa gauni la kijani alilojishonea kwa ajili ya leo. Mimi nilikuwa nimevaa koti na viatu vimeng'aa. Nilikaa kitini karibu na mlango.

“Twende,” alisema.

“Tangulia, nakuja.”

“Tangulia yako naijua. Tiketi si yai, Mzee. Ukiikalia haiangui kitu.”

“Nimesema nakuja.”

 Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo siyo yake, “Yule mtoto ataangalia kile kiti.” Nikamwambia ninajua. Akaenda peke yake. Nilisikia viatu vyake mpaka kona, na pale kona akasimama kidogo, kisha akaendelea.

Sasa ni saa kumi na mbili na dakika ishirini. Koti bado nimelivaa. Kwa hesabu yangu mko wimbo wa pili, watu wameshaiona nyumba. Kutoka hapa hadi chuoni ni mwendo wa robo saa, kwa goti hili nusu. Mlango wa mbele niliuacha wazi jirani alipotoka. Upepo unaingia na kulitikisa shuka la bafuni, na kila likitikisika nageuza kichwa.

Ulitaka nikuambie mapema ili usiteseke kwa kutokujua. Ilikuwa ombi dogo, na nilikuwa na mwezi mzima. Sikuwa na kazi nyingine yoyote. Tena nimefanya kilekile: mtu yuko upande wa pili anangoja, nami nimesimama na kifaa mkononi, safari hii kalamu.

Posta itafunguliwa Jumatatu, nanyi mnatawanyika kesho. Anwani ya melini sina. Nitaituma barua hii kwa sanduku la posta la kundi, labda atatokea mtu wa kulifungua.

Tiketi iko mezani, mbele yangu. Bado sijakata shauri. Nikishakata, nitakuandikia.

Baba yako