Kilima chenye Pembe Nne

Jumatatu, 6 Julai

Ramani ya upande wa Djugu, kwetu tulikotoka, imekwisha. Mistari ya mwinuko, kila mita kumi. Umeme umekatika mara mbili, nikaanza upya mara mbili. Likizo yangu ndiyo hii: walimu wenzangu wanalima, mimi nachora vilima nisivyovipanda. Vipimo ni vya bure, rada ilivichukua kutoka angani kabla hatujakimbia vita. Programu ni ya bure. Na ramani ninaitoa bure, mwenye GPS ya mkononi aiweke ndani aende zake. Mama anasema cha bure hakina mwenyewe.

Msalaba wa Papa, baba yangu marehemu, bado umesimama nyuma ya mlango. Nimetundika mwavuli juu yake tena. Mama amenigombeza tena.

Alhamisi, 9 Julai

Bahati, muuguzi wa chanjo, ndiye wa kwanza kuitumia ramani ya Djugu. Amerudi leo na matope mpaka magotini.

"Mwalimu, kilima yako haiko. Iko shamba ya maharagi tu."

Aliona kilima kwenye kifaa chake, akaogopa mteremko, akazunguka bondeni. Pikipiki ikazama. Barafu ikayeyuka, chanjo zote zikatupwa. Akina mama walikuwa wameshapanga mstari na watoto mgongoni. Siku ya pili ndipo alipokata moja kwa moja, akakuta tambarare.

Nimemjibu vibaya. Nimesema kifaa chake kimezeeka. Alipoondoka nikaona aibu, sasa hivi bado ninayo.

Ijumaa, 10 Julai

Nimeweka njia ya Bahati juu ya ramani yangu. Amekipita kilima chote bila kupanda hata hatua kumi. Kosa ni langu.

Kilima chenyewe ni cha ajabu. Kina pembe nne. Upande mmoja umenyooka kabisa. Mungu hachori kwa rula. Nilikuwa nimeangalia mistari elfu nzima na sikuona hili! Mwalimu wa jiografia mimi.

Kesho nakifuta.

Jumamosi, 11 Julai

Sikukifuta.

Rada haioni udongo. Inaona kilicho juu kabisa, kama kumpima mtu kimo na kapu lake kichwani. Pale palikuwa na miti. Miti mirefu, imepandwa kwa kamba. Chini yake chemchemi mbili, halafu mto unapinda kuelekea mashariki.

Ni mikaratusi ya Papa.

Nimeshindwa kukaa, nimeshindwa kusimama. Nimeosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Papa alikuwa mwashi. Hata msitu wake aliupanda kwa kamba na vigingi, watu wakamcheka. Alipouawa tulimzika katikati ya miti hiyo, mimi na Mama, kwa haraka. Hakukuwa na sanduku. Tulimfunga blanketi, Mama akamwekea mwiko wake wa kujengea kifuani, kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kumpa. Siku hiyohiyo tukakimbilia Bunia.

Tumerudi kumtafuta mara mbili. Miti yote ilikwisha kukatwa, nyasi zinatupita kimo, kila mwinuko unafanana na mwingine. Mama akatengenezesha msalaba wa chuma hivyohivyo. Anasema hawezi kufa akijua watu wanamkanyaga Papa bila kujua.

Nami nilitaka kumfuta leo asubuhi kama kosa la hesabu.

Jumapili, 12 Julai

Nimemwambia Mama baada ya misa. Nimemwonyesha kwenye kompyuta. Hakulia. Ameangalia ile mistari minne muda mrefu, halafu akauliza jambo moja.

"Ile mashini ilipita juu yetu, siku ile Papa yako alikuwa muzima?"

Ndiyo, Mama. Alikuwa mzima.

Amekwenda kuuondoa mwavuli juu ya msalaba.

Alhamisi, 16 Julai

Bahati amekubali kutupeleka. Ningekuwa yeye nisingekubali. Lakini ametuonya: wanaolima pale sasa ni watu wa upande wa pili wa vita. Walikuja baada yetu, nao walikuwa wanakimbia kwao. Amani yetu ni ya kusalimiana huku unaangalia mkono wa pili umeshika nini. Wanawake wawili wanafika shambani na msalaba na kifaa cha kupimia: nani ataamini kwamba hatukuja kudai ardhi?

Naogopa. Mama anapiga pasi kitenge.

Jumamosi, 18 Julai

Tumerudi salama Saio, mtaani kwetu hapa Bunia. Siwezi kuandika.

Jumapili, 19 Julai

Nijaribu.

Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki mbili. Mama nyuma ya Bahati, mimi nyuma ya rafiki yake, msalaba umefungwa ubavuni. Kwenye kizuizi askari alikishika kifaa changu, akakigeuzageuza, akauliza kama kinapiga muziki. Akaturudishia.

Kifaa kilitufikisha kwenye pembe ya chini. Maharagwe. Nyumba moja ya udongo. Mwanamke mzee, rika la Mama, akatoka na jembe. Akaona msalaba, akaona kifaa mkononi mwangu, akapiga kelele:

"Munakuja kutunyanganya shamba! Mupime basi, mutuue kabisa!"

Bahati akaanza kueleza, hakusikilizwa. Mama ndiye aliyeshuka, akaulaza msalaba chini, akapiga magoti mbele yake ndani ya kile kitenge cha pasi. Akasema, "Dada, sitafuti shamba. Natafuta bwana yangu. Tulimuzika hapa, mu kaliptusi."

Yule mwanamke akaliacha jembe likaanguka. Akaingia ndani. Nilidhani anafuata panga, nalisema wazi, nilidhani hivyo. Akatoka na mwiko wa kujengea. Mpini umeoza, chuma kimeliwa na kutu, ncha imevunjika upande wa kushoto. Ile ncha aliivunja Papa kwenye ukuta wa kanisa letu. Mama aliitambua kabla yangu.

Wanamwita Mama Joeli. Anasema wachoma makaa walikuja kung'oa mizizi, mifupa ikatoka. Walitaka kuitupa mtoni.

"Nikakatala. Sikujua ni wa nani. Lakini mutu ni mutu. Nikamuzika karibu na mutoto yangu."

Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kuna marundo mawili ya mawe. Yamepaliliwa yote mawili. Joeli, mwanawe, aliuawa vita ilipowafuata mpaka hapa. Sikuuliza na nani. Mama pia hakuuliza. Sote tulijua, na ilikaa pale katikati yetu mpaka Mama akauchukua mwiko na kuanza kuchimba shimo la msalaba. Mama Joeli akamsaidia kwa mikono.

Miaka yote hii nilimchukia mtu aliyelima pale, nikiwa sijamwona uso. Nimechanganyikiwa.

Jumatatu, 27 Julai

Mvua usiku kucha. Kumetulia.

Nimekifuta kilima. Nimesahihisha ramani na kuitoa upya. Bahati atapita pale na chanjo wiki ijayo, anahitaji ardhi ilivyo, si msitu wa marehemu. Katika kifaa changu nimeuacha ule wa zamani.

Mama ameniomba niweke alama pale kwenye migomba. Kifaa kikauliza jina. Nikaanza kuandika la Papa.

"Andika yote mbili," akasema.

Nikamweleza kwamba kinakubali herufi kumi tu. Akahesabu kwa vidole, akaniambia nijaribu. Yameingia, ila nafasi ya kuyatenganisha haikubaki.

PETROJOELI.

Nimehifadhi. Mwiko Mama aliuacha kwa Mama Joeli, wa kupalilia makaburi.