Moza Yupo

Jumapili, 2 Novemba

Moza yupo. Kiti cha mbele, karibu na mlango. Saa moja kasoro robo keshafika, bawabu hajafungua hata geti. Tangu skuli zifunguliwe hajakosa siku moja. Walimu wenzangu wananipongeza mie, kwa kuwa ndiye niliyepewa kazi ya kuwafuatilia watoto wa wenye mbuzi. Watu hawakai pahala pamoja miezi mitatu, na mtoto wao hakosi! Nikacheka nao. Nilitamani ardhi inimeze.

Daftari hili nnaliandika kwa Kiswahili makusudi. Mume wangu ni mtu wa Nizwa, huku huku Oman, hakijui. Mama anakijua kuliko mie lakini macho yake hayasomi tena. Kwa hiyo humu ndani hakuna wa kunisoma.

Jumanne, 4 Novemba

Leo wakati wa kuita majina nimemsikia tena baba yake. Nimeita, "Moza bint Hamdan." Mtoto kajibu yupo. Na nyuma ya sauti yake ile nyingine, ya kwenye simu: "Allah akuhifadhi, abla." Abla, ndivyo huku wanavyomwita mwalimu wa kike.

Basi nilimeze au nilitapike. Nilitapike.

Mwaka jana Moza alikuwa akikosa. Siku mbili, siku nne, mbuzi wakihamishwa na yeye anahama nao. Akikosa sana jina linafutwa, na likishafutwa, kumrudisha ni shughuli. Mtoto ana akili, hesabu anazila. Nikamwekea alama ya yupo siku moja. Kisha wiki. Mwisho ikawa mazoea, kila asubuhi namtia alama kabla sijainua kichwa. Aje asije, yupo.

Mwezi wa Aprili likaja wingu. Tukaambiwa watoto warudishwe majumbani mapema. Vurugu, mabasi, makelele. Simu ya ofisini ikalia, mie ndiye niliyekuwa karibu. Mwanamme. "Mimi baba yake Moza. Moza yupo?" Nikafungua daftari la mahudhurio. Alama yangu, wino wangu. Nikamwambia yupo, njoo umchukue. Niliuamini uongo wangu mwenyewe! Akanishukuru.

Akatoka kazini kwake, huko huko upande wa kambi, akaja. Kambi yao iko nyuma ya viwanda vya Rusayl, ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu. Siku zote mchanga mtupu, lakini mvua ikipiga milimani maji huja kwa ghafla. Pikapu yake ilionekana kesho yake, mbali huko chini. Moza hakupanda basi siku ile. Mbuzi alikuwa anazaa, akabaki naye juu kilimani. Hata nguo hazikurowa.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Watu walisema masikini, kamfuata binti yake skuli, hakujua kuwa hakwenda. Na binti yake anajua hivyo hivyo. Kwamba alitoroka skuli, na baba akafa.

Alhamisi, 6 Novemba

Moza kaja na homa. Nimemgusa kipaji cha uso, moto. Muuguzi kasema arudi nyumbani. Akashika meza kwa mikono miwili, hatoki. Nikamchukua pembeni nikamuuliza ana nini. Kanijibu taratibu, kama ananitajia hesabu za mara: "Nikikosa mtu anakufa, abla."

Nikaenda chooni nikalia. Nikanawa, nikarudi, nikafundisha sehemu. Nusu na robo. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 7 Novemba

Mama kaniuliza kwa nini sili. Nikamwambia yote. Sijui imenitoka vipi, nilikuwa nachambua mchele. Mama akanyoosha mkono, akaniondolea ungo wa mchele.

"Mwambie mtoto."

Nikamwambia nitafukuzwa kazi, na Ghalya, mama yake, atamtoa skuli moja kwa moja. Mtoto atabaki kuchunga mbuzi maisha yake yote, namharibia na hilo.

"Hebu nambie, mwanangu. Hapo unamlinda yeye au unajilinda wewe?"

Nikamjibu vibaya. Nimemjibu vibaya Mama, mtu wa miaka themanini. Niliomba radhi baada ya sala ya Ijumaa, kasema yaishe. Hayajaisha.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekwenda kambini baada ya skuli. Nimezunguka kwa barabara kuu na daraja, pale kwenye kivuko cha wadi sipiti tena. Niliyapanga maneno njia nzima.

Ghalya kanitandikia mkeka, kaleta tende, kanimiminia kahawa. Mwembamba, kaisha. Sasa mbuzi wote wako juu yake. Kasema Moza usiku anaamka anauliza saa ngapi, anaogopa kuchelewa. Hali chakula vizuri. Kisha akasema marehemu alikuwa akinisifu sana, akiwaambia jamaa zake, yule mwalimu wa Kizanzibari ndiye aliyemshikilia binti yangu asifutwe.

Aliyemshikilia! Nikatikisa kikombe kuwa nimetosheka, nikaaga.

Kanipa chupa ya samli. Nimerudi nyumbani na samli. Sina haya wala sina uso.

Jumanne, 11 Novemba

Mawingu tangu alfajiri. Mchana imekuja amri, kesho hakuna skuli. Darasa zima lilipiga vigelegele. Isipokuwa mmoja.

"Abla, kesho utaita majina?"

Nikamwambia siiti, skuli imefungwa.

"Kwa hiyo nitakuwa nimekosa?"

Nikamwambia hakuna wa kukosa, hakuna skuli. Alinitazama kama mtu anayejua kuwa anadanganywa. Kengele ikalia, basi likaja, nikamwacha aende. Ningeweza kumwambia pale pale. Dakika mbili tu. Nikafunga madirisha.

Jumatano, 12 Novemba

Nnaandika na nguo bado zimerowa.

Saa tatu asubuhi bawabu kanipigia. Msichana yuko getini, haondoki, karowa. Nikajua kabla hajamaliza. Niliendesha sijui vipi, mvua inapiga kioo sioni mbele.

Alikuwa kasimama chini ya kibanda cha bawabu, viatu mkononi, nguo zote zinachuruzika. Kapita kwenye wadi. Pale pale. Maji yalikuwa yameanza kuja, kasema yalimfika kiunoni na yakamvuta, akashika mti. Alisema hivyo kwa fahari!

"Nimekuja. Niandike."

Nikamzungushia mtandio wangu, nikamtia garini, nikawasha joto. Hakuna kurudi kwa wadi, nikashika barabara kuu. Njia nzima ananiuliza nimeshamwandika? Meno yanagongana. Nilikuwa nnasema moyoni, leo, leo, mwanamke wewe, leo.

Ghalya alikuwa nje kwenye mvua, anapiga kelele jina lake. Alipomwona alimpiga kofi, kisha akamkumbatia. Tukaingia hemani. Nikasema mbele yao wote wawili. Sikukaa kitako. Nilisema kwa Kiarabu, kikaniishia, nikaanza upya.

Moza ndiye aliyeuliza.

"Baba alikupigia wewe?"

Mie.

"Alisemaje?"

Alisema, Moza yupo?

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia yupo.

"Ulitazama kwenye kiti changu?"

Nikamwambia sikutazama. Nilitazama daftari. Nikamwambia siku ile hukumdanganya baba yako, aliyemdanganya ni mimi. Kama ningeinua kichwa angebaki kazini kwake, na jioni mngekula pamoja.

Nilikuwa naisikia mvua juu ya turubali. Kisha akaanza kulia. Jumapili mama yake alinambia mtoto hakulia mazishini wala matangani. Akanitupia viatu, kimoja baada ya kingine. Cha pili kilinipata shavuni. Alikuwa akisema maneno ya Kiarabu ambayo sitayaandika hapa, na yote ni haki yake.

Ghalya kasema neno moja tu, ondoka. Nikaondoka.

Alhamisi, 13 Novemba

Skuli imefunguliwa. Moza hayupo. Nimeandika hayupo, kalamu nzito.

Kisha nikaenda kwa mudira, mkubwa wa skuli, nikamwambia. Alivua miwani. Hakupayuka, ningependa apayuke. Aliniuliza kwa nini sikuja kwake tangu mwanzo. Nikasema niliogopa mtoto asifutwe. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi. Fomu ya ruhusa kwa watoto wa familia zinazohama. Ukiijaza, mtoto anakwenda na mbuzi wake, anarudi, jina halifutwi. Imekaa humo miaka. Hakuna aliyeiomba.

Karatasi moja! Sikuuliza kwa sababu nilijiona najua. Nilijiona mwema, mwenye huruma kuliko skuli nzima. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Nimetolewa darasani. Nitakuwa stoo ya vitabu mpaka uchunguzi uishe. Ndugu za marehemu Hamdan wataarifiwa. Wakitaka kushitaki wana haki. Mume wangu nimemwambia jioni. Kauliza kwa nini sikumwambia zamani.

Jumapili, 16 Novemba

Nimechungulia darasani, kiti kitupu siku ya pili. Nimekwenda Rusayl, nimesimama kwenye daraja. Kambi haipo. Majivu, vipande vya kamba, alama za matairi. Wamehama.

Lile nililokuwa nikilihofia nimelileta kwa mikono yangu. Bila barua ya uhamisho hakuna skuli itakayompokea.

Nimerudi kwa mudira nikamwomba tuiandike. Ni yeye wa kutia saini, lakini siku alizokosa mie ndiye nnayezijua. Tumekaa saa mbili na daftari. Kila alama ya uongo nimeinyooshea kidole. Hii, hii, hii wiki nzima. Siku ya mwezi wa Aprili nayo. Barua imeandikwa kweli tupu, na mwisho fomu ile imeambatanishwa, imejazwa. Nimeipiga picha, nimempelekea Ghalya kwa simu, nikaongeza kuwa ya asili iko ofisini, mtu yeyote aje aichukue. Sikuomba msamaha tena. Asione kuwa nambadilishia barua kwa msamaha.

Kaisoma. Hakujibu.

Alhamisi, 20 Novemba

Stoo. Vitabu, vumbi. Hakuna majina ya kuita. Hata hivyo saa moja na nusu nasikia, "Allah akuhifadhi, abla." Sidhani kama itakuja kwisha. Nimeacha kuomba iishe.

Mudira kapita kuniambia barua ya asili imechukuliwa. Kaja mwanamke wa Kibedui, barakoa yao usoni, hakukaa, hakutaka hata maji.

Jumatano, 10 Disemba

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Ghalya. Nimeukuta baada ya Alasiri. Nyuma yake mbuzi wanalia.

Wako upande wa Izki. Moza amepokelewa skuli ya huko, wameitazama barua wakauliza mawili matatu, wakamkubali. Mwalimu wake kijana, wanapatana. Kisha Ghalya anasema alimuuliza bintiye kama ana salamu za kuniletea. Kasema hana. Kasema ananichukia. "Na mimi sijakusamehe. Usinipigie."

Nikadhani ujumbe umekwisha.

Kisha akasema Jumapili Moza hakwenda skuli. Jino lilikuwa linamuuma. Alilala mpaka adhuhuri, hakuamka kuuliza saa.

Nimepasikiliza hapo pa mwisho mara tatu. Mama akaniita, nikaenda kumpikia uji.